Kuhamia programu huria kwenye simu yako bila kupoteza kitu: mwongozo kamili

Watu ninaowaelekeza hapa Mwanza hurudi na kisa kilekile. Mtu kasoma usiku kuhusu faragha, kachangamka, asubuhi kafuta kila alichokuta kwenye simu. Jioni yuko mlangoni: "Kaka, namba za wateja zimepotea, na akaunti ya barua pepe inadai tarakimu za uthibitisho ambazo sizioni popote." Programu alizosakinisha hazina kosa lolote. Aligeuza mpangilio tu. Alianza na kufuta, na kufuta ni kazi ya mwisho kabisa.

Kwa hiyo fuata hatua kama zilivyopangwa. Usiruke ya pili hata kama unaona inachosha.

Jambo moja kabla ya vifaa: bure na huria ni vitu viwili. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya watengenezaji yanayoiunda, umewekwa wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza upya. Programu ya bure inaweza kuwa imefungwa kabisa, na gharama yake ukawa unailipa kwa taarifa zako.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu ya Android yenye nafasi ya GB 2 au zaidi. Kama imejaa, hamishia video kwenye memori kadi kwanza.
- Flashi ya GB 16 au zaidi, pamoja na kile kiwaya kifupi cha OTG cha kuichomeka kwenye simu. Kama una kompyuta, waya wa kawaida wa simu unatosha.
- Waifai ya kuaminika, au bando la kama GB 1. Ramani ndiyo inayokula zaidi.
- Daftari na kalamu. Sitanii, utavihitaji mara kwa mara.
- Wiki mbili. Sehemu kubwa ya muda huo utakuwa unatumia simu kama kawaida, ila programu mpya na ya zamani ziwe pamoja.

## Hatua ya 1: Andika nani anaona nini

Fungua Mipangilio, ingia Faragha, kisha sehemu ya kusimamia ruhusa. Kwenye baadhi ya simu utaipata ndani ya Programu. Pitia makundi manne: anwani (yaani namba za watu), maikrofoni, mahali ulipo, na SMS. Chini ya kila kundi, andika daftarini majina ya programu zilizoruhusiwa.

Usifute kitu bado. Unaandika tu.

Sababu ni kwamba huwezi kuchagua mbadala wa kitu ambacho hujui kinafanya nini. Juzi nilikaa na shemeji yangu anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, tukapitia simu yake mstari kwa mstari. Tochi ilikuwa na ruhusa ya anwani. Tochi! Kazi yake ni kuwasha taa ya kamera, namba za wateja wake wa Igoma na Ukerewe inazitakia nini? Kwenye kundi hilohilo tukakuta programu mbili za mikopo ambazo hata hakumbuki alizisakinisha lini.

Hizo za mikopo ndizo pekee ninazokuruhusu kuzinyang'anya ruhusa leo hii. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Namna baadhi yao wanavyodai inajulikana mtaani: ukichelewa siku moja, mjomba, bosi na mchungaji wako wanapata ujumbe wa kukuaibisha. Namba za mjomba na mchungaji zilitoka kwenye ruhusa ya anwani uliyoibonyeza mwenyewe.

Tahadhari: kuondoa ruhusa kunazuia kuchukua zaidi. Yaliyokwisha kutumwa hayarudi kwa kubonyeza kitufe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume iliyoundwa nayo ndiyo njia ya kulalamika, lakini hiyo ni safari nyingine.

Umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja wa daftari wenye makundi manne na majina yake. Utunze. Tutaurudia mwishoni.

## Hatua ya 2: Nakala ya akiba, nje ya simu

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, nami niliangukia hapohapo. Niliwahi kuhifadhi namba zangu zote kwenye faili, nikajisifu, kisha nikairudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Faili lilikuwa ndani ya simu ileile. Namba za miaka sita zilikwenda na maji.

Fanya hivi:

1. Fungua programu ya anwani, tafuta sehemu ya kuhamisha, na uhifadhi faili lenye mwisho wa .vcf.
2. Nakili faili hilo kwenye flashi, pamoja na picha na nyaraka unazozihitaji.
3. Andika daftarini akaunti zako zote: barua pepe, mitandao ya kijamii, benki. Andika jina la akaunti na namba ya simu iliyounganishwa nayo. Maneno ya siri usiyaandike hapo.
4. Hakikisha laini iliyounganishwa na barua pepe yako bado iko hewani na ni yako. Wapo wanaogundua katikati ya safari kwamba akaunti imeunganishwa na laini waliyoitupa mwaka juzi.

Umefanikiwa ukichomeka flashi kwenye simu ya mtu mwingine au kompyuta, ukafungua lile faili la .vcf na kuyaona majina. Kuona kwamba faili lipo hakutoshi, lifungue. Ukilifungulia kwenye simu ya mwenzio, angalia lisije likamwaga namba zako zote kwenye kitabu chake.

## Hatua ya 3: Sakinisha F-Droid

F-Droid ni ghala la programu huria za Android. Tofauti yake na maduka mengine ni kwamba programu nyingi zilizomo hutengenezwa upya kutoka kwenye msimbo uliowekwa wazi, na kama programu ina tabia ya kutiliwa shaka, mfano kufuatilia mtumiaji au kutegemea huduma iliyofungwa, onyo huandikwa kwenye ukurasa wake.

Andika mwenyewe f-droid.org kwenye kivinjari, herufi kwa herufi. Usitafute jina halafu ukabonyeza tangazo la juu. Pakua faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android. Simu itauliza kama unaruhusu kivinjari kusakinisha programu zisizojulikana: ruhusu, sakinisha, kisha rudi kwenye mipangilio na uzime ruhusa hiyo ya kivinjari. Ukiiacha wazi, siku moja tovuti ya ajabu itaitumia.

Ukifungua F-Droid mara ya kwanza itakaa kimya ikipakua orodha. Mtandao ukiwa wa kusuasua, iache ikiwa kwenye chaji, nenda kaoge. Wengi hudhani imeharibika na kuifuta hapo.

Sasa lile swali ninaloulizwa kila wiki: "Mbona GB WhatsApp nayo inasakinishwa hivihivi, kwa hiyo ni huria?" Hapana. Kuwa nje ya Play Store hakuifanyi programu kuwa huria. GB WhatsApp ni WhatsApp iliyochezewa na watu wengine, msimbo wake hauko wazi, na WhatsApp wenyewe hufungia akaunti zinazoitumia. Kama unayo, hakuna programu nyingine kwenye simu yako inayostahili wasiwasi zaidi.

Kabla ya kusakinisha chochote humo, soma ukurasa wake na uulize: leseni imeandikwa? Mara ya mwisho imesasishwa lini? Inaomba ruhusa zipi, na zinaendana na kazi yake? Leseni si urembo. Mwaka 2023 programu za Simple Mobile Tools, zilizopendwa na wengi kwa picha na kalenda, ziliuzwa kwa kampuni nyingine. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, mmoja wa waliokuwa wakichangia aliuchukua na kuuendeleza kwa jina la Fossify, watumiaji wakahamia huko. Ingekuwa programu ya bure tu, wangebaki wakimlilia mwenye duka.

Umefanikiwa orodha ikijaa na ukaweza kutafuta jina na kufungua ukurasa wake.

## Hatua ya 4: Anza na programu ambazo hazimhusu mtu mwingine

Chagua zile unazozitumia peke yako. Ukikosea, hakuna atakayekupigia simu. Moja kwa siku, au mbili, basi.

Kivinjari. Sakinisha Firefox (iko Play Store), kisha ingia kwenye viendelezi vyake uongeze uBlock Origin. Hii ndiyo badiliko utakaloliona siku hiyohiyo: kurasa za habari na za matokeo ya mpira zinafunguka bila matangazo yanayoruka usoni, na bando linadumu kidogo. Iweke kuwa kivinjari chaguo-msingi, la sivyo viungo vyote vya WhatsApp vitaendelea kufungukia kule kwa zamani. Tovuti moja moja ikigoma, zima uBlock Origin kwa tovuti hiyo tu.

Kibodi. Watu huiruka hii kwa sababu hawaioni kama programu. Kibodi huona kila herufi unayoandika, pamoja na neno la siri la barua pepe. HeliBoard, iliyoko F-Droid, haiombi kabisa ruhusa ya intaneti, kwa hiyo haina njia ya kutuma ulichoandika. Siku za kwanza itakusahihisha Kiswahili chako kwa fujo. Zima usahihishaji wa kiotomatiki, na maneno unayoyatumia sana yaongeze kwenye kamusi yako binafsi. Kibodi ya zamani iache ikiwa imewashwa, usije ukakwama mbele ya skrini ya kufungulia simu.

Picha na video. Fossify Gallery kwa picha, VLC kwa video na muziki. Hapa hakuna la kueleza. Sakinisha, tumia.

Kurushiana mafaili. LocalSend hurusha faili kutoka kifaa hadi kifaa bila kugusa bando, na inafanya kazi kati ya Android, iPhone na kompyuta. Vifaa vyote viwili lazima viwe kwenye mtandao mmoja. Ukijaribu kwenye waifai ya hoteli au mgahawa, mara nyingi havitaonana, kwa sababu mitandao ya wageni hutenganisha wateja. Dawa yake: mmoja awashe hotspoti ya simu na kuzima data, mwenzake ajiunge. Shemeji sasa hupiga picha za mizigo na kumrushia mwanawe hapohapo mezani, na watu wa kampuni za simu hawapati hata shilingi.

Ramani. Organic Maps hutumia data ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Pakua ramani ya eneo lako ukiwa kwenye waifai, kisha hufanya kazi bila intaneti kabisa. Ijaribu hivi: weka simu kwenye hali ya ndegeni, acha mahali pakiwa pamewashwa, toka nje penye anga wazi usubiri dakika chache. Mimi niliijaribu kwenye kivuko cha kwenda Kamanga. Kidoti cha buluu kilitoka Mwanza kikatambaa juu ya ziwa taratibu, simu ikiwa haina data wala salio. Kasoro yake ni kwamba haitakwambia upande daladala ipi kutoka Buzuruga hadi Nyegezi. Na kichochoro chenu cha mlimani kikikosekana, unaweza kukiongeza mwenyewe kwenye OpenStreetMap.

Umefanikiwa ukimaliza siku saba bila kufungua programu ya zamani ya kazi hiyo. Iliyokushinda, weka alama daftarini, rudi kwa ya zamani bila aibu.

## Hatua ya 5: Maneno ya siri na tarakimu za uthibitisho

Funga mlango, zima redio. Hatua hii inataka utulivu.

Sakinisha KeePassDX. Itatengeneza faili moja lililofungwa, lenye mwisho wa .kdbx, na ndani yake utahifadhi maneno yako yote ya siri. Faili hilo hufunguliwa kwa neno kuu moja tu. Chagua neno refu, mfano maneno matano yasiyohusiana, na uliandike kwenye karatasi utakayoitunza mahali unapotunza vyeti vya shule. Ukilisahau, hakuna fundi wa Makoroboi wala wa Marekani atakayelifungua. Hakuna kitufe cha "umesahau".

Kisha sakinisha Aegis, inayotoa tarakimu za uthibitisho. Faida yake kuliko tarakimu za SMS ni kwamba haitegemei laini. Tapeli akifanikiwa kusajili laini yako upya kwa jina lako, SMS zinaenda kwake, lakini tarakimu za Aegis zinabaki kwenye simu yako.

Hamisha akaunti moja moja. Ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti, washa uthibitisho wa programu, uiunganishe na Aegis, kisha toka na uingie tena kabla ya kugusa akaunti inayofuata. Tovuti ikikupa orodha ya namba za dharura, zinakili daftarini.

Ukimaliza, hamisha nakala ya Aegis iliyofungwa kwa neno la siri na ile .kdbx, zote mbili kwenye flashi. Rudia kila unapoongeza akaunti.

Tarakimu zikikataliwa ingawa umeziandika sawasawa, angalia saa. Zinakokotolewa kwa kutumia muda, na simu yenye saa iliyowekwa kwa mkono mara nyingi huwa mbele au nyuma. Iweke ijirekebishe yenyewe.

Umefanikiwa ukiweza kuingia kwenye barua pepe kupitia simu au kompyuta nyingine kwa kutumia tarakimu za Aegis.

## Hatua ya 6: Ujumbe, polepole

WhatsApp tayari hufunga maandishi yako yasisomwe na mtu wa kati, tangu 2016, kwa mbinu ileile ya Signal, programu huria ya ujumbe. Wanachobaki nacho Meta, wenye WhatsApp, ni taarifa za pembeni: unawasiliana na nani, lini, mara ngapi. Signal imeundwa ijue machache sana ya hayo, msimbo wake uko wazi, na inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida.

Lakini kikoba kiko WhatsApp. Kamati ya harusi iko WhatsApp. Wazazi wa darasa la nne wako WhatsApp. Ukiifuta utakuwa peke yako, na ndani ya siku tatu utairudisha kwa hasira. Nimeona.

Chagua watu watatu unaozungumza nao mambo ya ndani: mwenzi wako, ndugu mmoja, mshirika wa biashara. Wasakinishie wewe mwenyewe, ukiwa umekaa nao. Kutuma kiungo na kusubiri hakujawahi kufanya kazi. Signal itataka namba ya simu wakati wa kujisajili, weka na namba ya siri ya kuifunga. Kisha fungueni mazungumzo yenu na kulinganisha namba ya usalama kwenye simu zote mbili, mkiwa uso kwa uso.

Umefanikiwa mmoja wao akikuandikia Signal bila kukumbushwa. Watu watatu wanatosha kwa mwaka wa kwanza.

## Hatua ya 7: Pesa usiziguse

Programu za benki na za pesa za simu ziache zilivyo, na ukisasisha, sasisha kutoka Play Store tu. Usipakue programu ya benki kutoka sehemu nyingine yoyote, hata kama aliyekutumia ni pacha wako.

Ukitaka kupunguza, kumbuka menyu za zamani bado zipo: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money. Hazitaki programu wala bando.

Hii pia ndiyo sababu sikuelekezi kubadilisha mfumo mzima wa simu. Mifumo huria ipo, lakini GrapheneOS hukaa kwenye simu za Google Pixel tu, na LineageOS kwa aina zilizo kwenye orodha yake. Simu nyingi tunazonunua hapa mjini hazimo. Mafundi watakuambia inawezekana. Inawezekana kuiua, ndiyo, na programu nyingi za benki hugoma kwenye simu iliyofunguliwa kufuli la mfumo wake.

## Hatua ya 8: Kompyuta ya zamani, kama unayo

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Linux Mint, mfumo huria wa kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, inahitaji RAM ya GB 2 (GB 4 ndiyo inayopendekezwa) na nafasi ya GB 20. Pakua faili lake, uliandike kwenye flashi nyingine kwa Rufus, programu ya Windows ya kuandalia flashi ya kuwashia kompyuta. Iwe flashi nyingine kwa sababu Rufus hufuta kila kilichomo. Washa kompyuta kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha. Jaribu waifai, sauti, printa. Kama kuna kisichofanya kazi hapo, huenda kikakusumbua hata baada ya kusakinisha.

LibreOffice itakuwemo tayari, na hufungua nyaraka za Word. Ila ukipeleka barua steshenari, ihifadhi kama PDF kwanza. Ukipeleka nyaraka ghafi, mistari itahama, na yule dada wa mashine atakulaumu wewe na Linux yako.

## Hatua ya 9: Sasa futa

Wiki mbili zimepita. Fungua daftari. Kila programu ya zamani ambayo hukuigusa kwa wiki mbili, na mbadala wake umesimama, iondoe. Ondoa tatu, tumia simu siku nzima, kisha endelea. Zile zilizokuja na simu zisizokubali kuondolewa, zizime, na uziondolee ruhusa zote. Jina usilolielewa liache, huenda ni kiungo cha mfumo.

Zile unazobaki nazo, zipitie kwa ruhusa: mahali iwe "wakati wa kutumia tu", maikrofoni iwe "uliza kila mara". Fungua F-Droid kila Jumapili usasishe, maana programu isiyosasishwa hugeuka kuwa tundu, huria au isiwe huria.

Kisha rudi kwenye sehemu ya ruhusa uliyoanza nayo na uilinganishe na ule ukurasa wa kwanza. Kwa shemeji, kwenye maikrofoni zilibaki tatu: Simu, WhatsApp na Signal. Kwenye anwani zilibaki hizohizo tatu na ya SMS. Tochi sasa anaishusha kutoka juu ya skrini, ile iliyokuja na simu, ambayo muda wote ilikuwepo.